Sura ya Sita: Vyumba Ndani ya OK Computer

Msomaji anayepitia orodha za albamu bora za karne iliyopita hukutana mara kwa mara na jina la OK Computer, kazi ya kundi la Radiohead la Uingereza iliyotoka mwaka 1997, na swali linalomjia baada ya kuisikiliza kwa mara ya kwanza huwa karibu lile lile kwa kila mtu: kinachosifiwa hapa ni nini hasa? Mwimbaji anayavuta maneno kiasi kwamba hata wazawa wa Kiingereza huyakosa, nyimbo nyingi hazina kiitikio cha kushikika upesi, mwendo kwa jumla ni wa taratibu, na hakuna wimbo hata mmoja wa kuwainua watu vitini. Anayeuliza hivyo hana sababu ya kuona haya, kwa kuwa hata kampuni iliyoisambaza albamu hiyo Marekani, ilipoisikiliza, ilishusha makadirio yake ya mauzo kutoka nakala milioni 2 hadi laki 5.

Jibu ambalo hutolewa haraka ni kwamba albamu hii ilitabiri maisha ya leo, maisha ya watu kukodolea skrini macho na kusahau majirani. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini limetiwa chumvi nyingi mno, na tena halimsaidii msikilizaji, kwa sababu utabiri uliokwisha kutimia hauna raha ya kusikiliza. Sura hii inashika njia nyingine, nayo ni kwamba uzuri wa OK Computer umo kwanza katika mahali ilikorekodiwa, yaani katika banda, ngazi na kumbi ambazo sauti zake zimebaki ndani ya muziki wenyewe, na kwamba anayejifunza kuzisikia sehemu hizo huielewa pia huzuni ya albamu bila kufasiriwa neno.

Jina "roki mbadala" na watu watano wa Abingdon

Roki ni muziki uliojengwa juu ya magitaa ya umeme, besi na drams, uliokua Marekani kuanzia miaka ya 1950 na kuenea Uingereza muda mfupi baadaye. Jina la roki mbadala lilipata nguvu katika miaka ya 1980, likiwahusu wanamuziki waliotoa kazi zao kupitia kampuni ndogo na kupigwa zaidi katika redio za vyuo kuliko katika vituo vikubwa vya biashara. Kufikia mwaka 1997 jina hilo lilikuwa limebaki ganda tu, maana Radiohead wenyewe walikuwa wamesainiwa na Parlophone, tawi la EMI, mojawapo ya kampuni kubwa za muziki duniani. Kilichokuwa mbadala kwao ni uamuzi wa kutofanya kile ambacho kampuni kubwa ilikitarajia.

Wanamuziki hao watano walifahamiana wakiwa wanafunzi katika shule ya Abingdon, mkoa wa Oxfordshire. Thom Yorke huimba na kupiga gitaa, Jonny Greenwood na Ed O'Brien hupiga magitaa mengine, Colin Greenwood, kaka yake Jonny, hupiga besi, na Phil Selway hukaa kwenye drams. Wimbo wao wa "Creep" wa mwaka 1992 uliwapa jina, na albamu yao ya pili, The Bends ya mwaka 1995, iliwapa heshima. Kwa sababu ya heshima hiyo kampuni iliwakabidhi pauni 100,000 za kununulia vyombo vya kurekodia na ikawaacha wafanye kazi bila tarehe ya mwisho. Badala ya kumtafuta mtayarishaji mwenye jina, yaani mtu anayesimamia namna muziki unavyorekodiwa na kupangwa, walimchukua Nigel Godrich, kijana aliyekuwa fundi mitambo katika albamu iliyotangulia na ambaye alikuwa rika lao, kwa hiyo hapakuwa na mkubwa wa kuwaambia kwamba jambo fulani halifanywi.

Banda la matufaha na jumba la Bath

Kazi ilianza mwaka 1996 katika banda la zamani la kuhifadhia matufaha karibu na mji wa Didcot, ambalo kundi lilikuwa limeligeuza kuwa mahali pa mazoezi na kulipa jina la Canned Applause. Banda halikuwa na choo wala mahali pa kulia chakula, na wanamuziki waliokaa karibu na makwao walikatiza kazi kila mara kwa shughuli za nyumbani. Hata hivyo nyimbo nne zilipatikana humo, nazo ni "Electioneering", "No Surprises", "Subterranean Homesick Alien" na "The Tourist". Septemba ya mwaka huo walihamia St Catherine's Court, jumba la kale nje kidogo ya mji wa Bath ambalo wakati huo lilikuwa mali ya mwigizaji Jane Seymour, na huko ndiko sehemu kubwa ya albamu ilikopatikana, wanamuziki wakipiga kwa pamoja badala ya kila mmoja kurekodi kipande chake peke yake.

Ili kuona kwa nini jumba lina uzito katika hadithi hii, inafaa kuelewa kwanza jinsi sauti inavyotengenezwa studio. Chumba cha kawaida cha kurekodia hufunikwa kwa vitu laini vinavyomeza sauti, hivyo sauti inayonaswa humo huwa kavu, na mwangwi, yaani ile sauti inayobaki ikizunguka baada ya neno kutamkwa, huongezwa baadaye kwa mashine. Katika jumba la Bath, Godrich na wenzake walifanya kinyume: walitembea na maikrofoni wakitafuta mwangwi uliokwishakuwapo, wakarekodi ukumbini pa dansi, vyumbani na hata ngazini, na kila mahali palipokuwa na ukuta wa mawe au dari ya juu palichangia sauti yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wimbo wa nne, "Exit Music (For a Film)", uliotungwa kwa ajili ya mwisho wa filamu ya Romeo + Juliet ya mwaka 1996 iliyoongozwa na Baz Luhrmann. Sauti ya Yorke ilirekodiwa kwenye ngazi za mawe za jumba lile. Mwanzoni yupo yeye na gitaa kavu tu, na anaimba chini sana, kama anayehofia kumwamsha mtu; lakini kila sentensi inapokwisha, sauti yake hupanda na kuzunguka juu ya kichwa cha msikilizaji, na papo hapo umbo la mahali linajulikana, kwamba ni pembamba, ni parefu kwenda juu na ni pa baridi. Kisha inaingia kwaya ambayo si ya watu waliokuwapo. Hiyo ni kazi ya meloturoni, kinanda cha miaka ya 1960 ambacho kila kitufe chake hukokota utepe mfupi wa kanda uliorekodiwa sauti halisi ya ala au ya waimbaji, na kwa kuwa kanda huyumba kidogo inapovutwa, kwaya hiyo nayo huyumba, ikawa na ubinadamu wa ajabu na umauti kwa wakati mmoja. Drams hazisikiki mpaka zaidi ya nusu ya wimbo imepita, na zinapoingia pamoja na besi iliyokwaruzwa makusudi, chumba kile chembamba kinajaa hadi kuelekea kupasuka. Mtu ambaye hajui neno moja la wimbo huo atajua kwamba kuna watu wawili wanaotoroka na kwamba hawatafika.

Kwa ufupi: mwangwi ndani ya albamu hii si pambo lililopakwa baadaye, bali ni sehemu ya habari inayosimuliwa. Anayesikiliza kwa spika ya simu, ambayo hukata besi na kuchanganya kushoto na kulia, hukosa karibu nusu ya kilichorekodiwa, na hukumu yake juu ya albamu inakuwa hukumu juu ya simu.

Wimbo wa dakika sita wenye milango mitatu

Wimbo wa pili, "Paranoid Android", ndio uliotangulia albamu kama singo, yaani wimbo mmoja unaouzwa peke yake ili kuitangaza kazi nzima, na uamuzi huo ulikuwa wa ukaidi, kwa kuwa una zaidi ya dakika sita na hauna kiitikio. Ulizaliwa kutokana na vipande vya tungo tatu tofauti vilivyounganishwa, njia ambayo kundi lilijifunza kutoka kwa The Beatles, na kabla ya kufika studio ulikuwa ukipigwa jukwaani kwa dakika zaidi ya 10, na mwishoni Jonny Greenwood akirefusha kinanda kupita subira ya wasikilizaji. Chanzo cha maneno yake ni usiku mmoja katika baa ya Los Angeles, ambako Yorke alijikuta kati ya watu waliolewa dawa za kulevya na kumwona mwanamke mmoja akigeuka mkali kupita kiasi baada ya kumwagiwa kinywaji.

Mpenzi wa muziki wa dansi hatakuwa mgeni kabisa hapa, maana amezoea nyimbo zenye sehemu mbili, ya kwanza ikiwa ya kuimba taratibu na ya pili ikiwa chemko, pale magitaa yanapoachiwa na watu kuingia uwanjani. Tofauti ni kwamba chemko la dansi humpa msikilizaji kile alichokuwa akikingoja, ilhali "Paranoid Android" humnyima. Sehemu ya kwanza inakwenda kwa gitaa la mbao na kelele ndogo ndogo za mkono. Ya pili inaleta gitaa la umeme lenye hasira, na mara kwa mara hesabu ya vipigo, yaani idadi ya mapigo kabla mzunguko haujaanza upya, inaruka kutoka nne hadi saba, hivyo mguu uliokuwa ukifuatisha unajikuta hewani. Halafu, pale ambapo hasira hiyo ingepaswa kulipuka, kila kitu kinashuka na kuwa kama ibada: sauti kadhaa za Yorke zinaimba kwa pamoja, kila moja katika njia yake, zikiomba mvua iwaoshe. Hapo ndipo moyo wa wimbo ulipo. Gitaa la hasira linaporudi mwishoni halisikiki tena kama nguvu, bali kama mtu aliyeomba na hakujibiwa.

Wimbo uliorekodiwa ukumbini pa dansi saa tisa za usiku, "Let Down", hauna vituko hivyo, na pengine kwa sababu hiyo ulichelewa kupata haki yake kwa wasikilizaji. Magitaa kadhaa yanadondoa noti moja moja kama matone badala ya kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja, na lile la Jonny Greenwood linafuata hesabu tofauti na ya wenzake, hivyo linakutana nao, linawaacha, kisha linakutana nao tena mahali pengine. Anayetaka kulisikia jambo hili aache kufuata mwimbaji kwa mzunguko mmoja mzima, achague gitaa moja na kulifuata peke yake. Baada ya muda atagundua kwamba wimbo uliodhaniwa umetulia haujatulia hata kidogo. Karibu na mwisho Yorke anaimba njia mbili kwa wakati mmoja, moja chini na nyingine juu, na ile ya juu inapanda mpaka mahali ambapo maneno hayana kazi tena. Ikiwa albamu nzima ingepotea na kubaki wimbo mmoja, hoja ya kuuokoa huu ni nzito kuliko ya "Paranoid Android", ingawa wapenzi wengi wa kundi hili wangebisha.

Kompyuta ziko wapi, basi?

Jina la albamu lilitoka katika mchezo wa redio wa Douglas Adams wa mwaka 1978, ambao kundi lilikuwa likiusikiliza ndani ya basi likiwa safarini, na basi hilo linaeleza mengi kuliko kompyuta. Nyimbo hizi zilitungwa na watu waliokuwa wametumia miaka barabarani, na wanaofuatilia maneno wataona kwamba karibu kila mahali kuna chombo cha usafiri. Wimbo wa kwanza, "Airbag", unamhusu mtu aliyeponea chupuchupu katika ajali kwa sababu ya mfuko wa hewa unaojaa ghafla gari linapogonga. Wa tatu una mtu kwenye barabara ya shamba anayetamani viumbe wa sayari nyingine wamchukue. "Lucky" una manusura wa ajali ya ndege. Na "The Tourist" ni wito wa kupunguza mwendo, uliomjia Jonny Greenwood alipowaona watalii wakikimbizana na ratiba katika mji mzuri wa Ufaransa. Hata picha ya jalada, aliyoitengeneza Stanley Donwood pamoja na Yorke, ni ya barabara kuu zinazopishana. Ilichorwa kwa kompyuta, ni kweli, lakini wachoraji walijiwekea sharti la kutofuta kosa kwa kitufe, kwa hiyo jalada limejaa makosa yaliyofunikwa kwa rangi nyeupe badala ya kuondolewa.

Kompyuta yenyewe inasikika waziwazi mahali pawili. Katika "Airbag" walichukua sekunde chache za drams za Selway, wakazikatakata na kuzipanga upya kwa Macintosh wakifuata mfano wa DJ Shadow, Mmarekani aliyejulikana kwa kujenga muziki mzima kutokana na vipande vya rekodi za watu wengine. Matokeo yake ni mdundo unaochechemea, nayo besi ya Colin Greenwood inaingia na kunyamaza, inaingia na kunyamaza, kwa namna ya muziki wa dub wa Jamaica. Mahali pa pili ni "Fitter Happier", kipande kisichofika dakika mbili, ambamo sauti ya kusomea maandishi iliyokuja na Macintosh inatamka orodha ya maazimio ya mtu anayetaka kuwa mwema, mwenye afya na mwenye tija. Wengi hukiruka. Ni haki yao, kwa sababu si wimbo na hakipendezi, ila kimewekwa katikati kabisa ya albamu, na baada ya ubaridi wake sauti ya binadamu inayofuata husikika kama jambo jipya.

Nusu ya pili

Sauti hiyo ya kwanza baada ya mashine imo katika "Electioneering", na ni bahati mbaya kwamba huo ndio wimbo dhaifu kuliko yote: magitaa yanapiga kelele kuhusu wanasiasa na hayapati la kusema zaidi ya kwamba wanasiasa ni wanasiasa. "Climbing Up the Walls" unafidia. Jonny Greenwood alipanga humo ala 16 za nyuzi kwa kufuata mtunzi wa Poland, Krzysztof Penderecki, zikipiga sauti zilizo karibu karibu mno, hata zile zilizo kati ya noti mbili za kinanda, hivyo badala ya wimbo zinatoa ukungu wa kelele unaopanda nyuma ya mwimbaji. Yorke alikuwa amewahi kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na hofu iliyomo humo haina masihara.

Papo hapo inaingia "No Surprises" pamoja na glokenshpili, ala ya vyuma vidogo vinavyogongwa kwa nyundo na kutoa sauti ya kengele za mtoto, ikibeba maneno ya mtu aliyechoka na kazi yake hadi kukata tamaa. Toleo lililo kwenye albamu ni lile la mara ya kwanza kabisa kurekodiwa. Walijaribu tena na tena baadaye, na hawakulipita. "Lucky" ulikuwa umerekodiwa kwa muda wa saa tano tu Septemba 1995, kwa ajili ya albamu ya hisani ya kuwasaidia watoto wa vita vya Bosnia, na ulipofika wakati wa kupanga nyimbo uliingizwa jinsi ulivyo. Kupanga kwenyewe kulimhangaisha Yorke kwa takriban wiki mbili, akizihamisha nyimbo 12 huku na huko na kuzisikiliza upya, na ndiyo maana kuzipiga bila mpangilio ni kuitupa kazi ya wiki hizo mbili.

Namna ya kuanza

Kwa msikilizaji anayeikaribia albamu hii kwa mara ya kwanza, au anayeirudia baada ya kuikataa, mambo haya yametosha kuwasaidia wengi:

- Kusikiliza kwa spika za masikioni au spika mbili zilizotenganishwa, kwa kuwa magitaa matatu yamegawanywa kushoto, kulia na katikati kwa makusudi.
- Kuanza na "Exit Music", "Let Down" na "Karma Police" kwa mfululizo huo huo, ambazo kwa pamoja zina dakika zipatazo 14, kabla ya kuikabili albamu nzima yenye dakika 53. Mwishoni mwa "Karma Police" gitaa la O'Brien linapitishwa kwenye kifaa kinachorudia sauti tena na tena, mpaka marudio yanalimeza gitaa lenyewe na wimbo unazama humo.
- Kuyaacha maneno kando mara ya kwanza.

Jambo la mwisho ni la toleo. Katika huduma za muziki za mtandaoni, kando ya albamu ya mwaka 1997 lipo toleo la mwaka 2017 liitwalo OKNOTOK, lililotolewa kuadhimisha miaka 20, ambalo baada ya nyimbo 12 za awali limeongezewa nyimbo 3 ambazo kundi lilikuwa halijawahi kuzitoa na 8 zilizokuwa zimeambatana na singo za wakati ule. Baadhi ya nyongeza hizo ni nzuri, hasa "Man of War", lakini "The Tourist" iliwekwa mwisho ili baada yake pasiwe na kitu, na anayefungua toleo hilo jipya bila kulikatiza hapo ataletewa "I Promise" kabla hajamaliza kuvua spika masikioni.